Aliyebeba Maneno ya Bi Shamsiya

Watu wa Pangani hawakuwahi kuafikiana wamwite nani Bi Mwamvua. Ujanani alikuwa mshenga, anapeleka posa na kurudi na majibu, na kwa kazi hiyo ndipo alipoingia mara ya kwanza nyumbani kwa Badr, kumposa dadake, Shamsiya, kwa niaba ya mfanyabiashara mmoja wa Tanga.

Shamsiya alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mwambie kaka, niliyemtaka amemfukuza. Mwingine sitaki. Na yeye simsemeshi tena."

Badr alikuwa palepale barazani, anasikia kila neno. Mwamvua akatoka akamwambia hivyohivyo. Badr akatoa jibu, Mwamvua akalirudisha ndani. Ndivyo ilivyoanza.

Huyo aliyefukuzwa aliitwa Laurenti, karani wa mashamba ya mkonge ng'ambo ya mto. Alikuwa Mkatoliki na alikuwa tayari kusilimu. Badr alisema ukoo wao hauozi kwa watoto wa manamba, vibarua wa mkonge.

Miaka ikapita, ndugu wawili wakazeeka ndani ya nyumba moja bila kusemezana, kaka vyumba vya mbele, dada chumba cha uani. Mwamvua, jirani yao, akawa anakwenda na kurudi. Wenye adabu walimwita mpatanishi. Wenye midomo michafu walimwita kuwadi. Mwenyewe alicheka. "Mpatanishi nimempatanisha nani? Mie nabeba tu."

Lakini alikuwa akiyalainisha. Shamsiya akisema, "Mwambie huyo mzee kikohozi chake akakoholee msikitini," Mwamvua alifika mbele akasema, "Dada anauliza kifua kinaendeleaje." Badr akijibu, "Kinamhusu nini?" uani jibu lilifika, "Anashukuru." Hakuona ubaya. Alidhani iko siku watachoka.

Masika ya mwaka juzi Shamsiya alianguka akichuja tui, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Siku ya maziko Badr alimvuta Mwamvua pembeni. "Kaniachia neno gani?"

"Hakuwahi, Bwana Badr."

Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyedhulumiwa.

Matanga yalipokwisha akamwita. "Bi Mwamvua, nenda kamwambie paa la uani nimemleta fundi kalitengeneza."

Mwamvua alidhani ni uzee. Akaona hayamgharimu kitu. Akaingia chumbani, akakaa juu ya kitanda kitupu, akatamka yale maneno kwa sauti, maana hata hivyo ni amana. Akarudi. "Anasema ahsante." Badr akafurahi, akala vizuri mchana ule.

Ikawa ndiyo desturi yao, kila baada ya alasiri. Habari za minazi, za nani kafa, za bei ya sukari. Mwamvua aliyatunga majibu njiani, kati ya mlango na baraza, na hakupata tabu, kwani sauti ya Shamsiya aliijua kuliko yake.

Siku moja Badr akamtuma, "Kamuulize kama kanisamehe." Mwamvua aliingia, akauliza, akakaa kidogo. Chumba kilinuka udi, na udi haukuwa umechomwa humo tangu maziko. Akatoka, tayari ana jibu lake: amekusamehe. Alipofungua kinywa likatoka lingine.

"Anasema Laurenti alirudi. Ulimwambia nimeozwa Mombasa."

Badr alishika nguzo ya baraza, akaketi polepole chini.

"Nani kakwambia?"

"Sijui, Bwana Badr. Wallahi sijui. Si mimi niliyesema."

"Alirudi kweli," mzee akasema. "Hapa hapa, kavaa kanzu mpya, keshasilimu. Shamsiya alikuwa Tanga kwa shangazi. Sikumwambia mtu. Hata mke wangu, Mungu amrehemu, hakujua."

Akainuka mwenyewe, akaenda uani ambako hakuwahi kukanyaga tangu ujana wao. Mwamvua alibaki barazani. Alimsikia mzee akizungumza mle ndani, mara akibembeleza, mara akilia. Alitoka jua limeshuka.

"Hajibu," alisema. "Kwangu hajibu. Nenda wewe."

"Siendi."

"Nakuomba, dada yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada. Mwamvua alijifunga kanga, akaenda zake bila kuaga.

Habari ilitoka, hajui ilitoka vipi. Watu wakaanza kubisha hodi kwake: huyu mume wake alizama baharini, huyu anataka kumuuliza mamake jambo. Jina lake likabadilika tena, safari hii wakamwita mjumbe wa maiti, na hawakulisema kwa kucheka. Aliwarudisha wote. Badr alikufa kabla ya Ramadhani iliyofuata, mlango wa uani ukiwa wazi.

Sasa Mwamvua anakaa Maramba kwa bintiye, mbali na mto. Anapalilia mihogo, anasema kidogo sana. Binti anasema mamake ana afya nzuri, isipokuwa jambo moja: pengine katikati ya chakula huacha tonge mkononi, akainua uso kama aliyeitwa, midomo ikaanza, "Anasema..." Hapo huifunga kwa kiganja, akakibana hapo mpaka maneno yamwishe.