Asali Iliyotoka Ukutani

Nyumba yetu ya Kiseke, mlimani juu ya ziwa, baba aliijenga kwa mikono yake, enzi zile akiwa bado fundi mwashi. Nusu ya kiwanja ilikuwa imekaliwa na jiwe, na kwa vile hakuwa na uwezo wa kulipasua, aliamua kulitumia. Ukuta wa nyuma wa chumba cha kulala, kwa hiyo, siyo wa tofali. Ni jiwe lenyewe, limepakwa chokaa upande wa ndani. Pale tofali za ukuta wa pembeni zinapokutana na jiwe kuna ufa mrefu. Baba aliuziba kwa saruji sijui mara ngapi, na kila mara saruji iliachia.

Mama aliugulia kwenye chumba hicho. Alikuwa na presha kwa miaka mingi, na mimi, baada ya ndoa yangu kuvunjika na kurudi nyumbani, ndiye niliyesimamia dawa zake. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini mjini, Mirongo, kwenye duka la vifaa vya ofisi, nilimwekea kidonge mkononi, nikampa maji, nikamtazama akinywa. Presha haikushuka. Daktari akaongeza kidonge cha pili, nikampa na hicho. Yeye mwenyewe aliamini zaidi kijiko chake cha asali na kitunguu saumu, alichokilamba kila asubuhi, na mimi sikuona ubaya wake. Siku moja akiwa anajifunga kanga upande mmoja wa mwili ukamlegea. Siku ya tatu tukawa tumempoteza.

Baada ya msiba baba alihamia sebuleni. Mlango wa kile chumba tukawa tunaufunga, na hakuna kati yetu aliyesema kwa nini.

Miaka minne baadaye baba aliteleza kwenye jiwe hilohilo, akipanda kuangalia tenki la maji, akachanika muundi. Lilikuwa jeraha la kawaida. Lakini baba ana sukari, na wiki zikapita jeraha halifungi. Kingo zake zikawa na rangi ya kijivu. Muuguzi wa zahanati alilisafisha siku baada ya siku, akapima sukari, akatikisa kichwa.

"Mzee, vidonge unameza?"

"Nameza," baba alisema.

"Anameza," na mimi nikasema, kwa sababu nilikuwa nampa mwenyewe.

Mwezi wa pili ulipoingia aliniomba nimrudishe chumbani. Alisema sebuleni kuna joto na watu wanapitapita. "Kule kwa mama yako kuna baridi," alisema. Nikafagia, nikatandika, nikampeleka.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni sauti. Nilirudi kazini mapema siku hiyo, saa tisa alasiri, muda ambao mtaa wetu huwa kimya kabisa, hata redio za majirani zimezimwa. Nilisimama mlangoni mwa chumba nikasikia ukuta. Sijui niielezeje. Ilikuwa kama mtu anayevuta pumzi ili aanze kusema jambo, halafu anaghairi, halafu anavuta tena. Nilisogea nikaweka kiganja kwenye jiwe. Lilikuwa la baridi, kama siku zote. Nikakisogeza taratibu mpaka kwenye ufa. Pale palikuwa na joto, joto la shingo ya mtu.

Ndipo nikamtazama baba. Alikuwa amelala chali, macho wazi, hapepesi. Kwenye kona za macho yake kulikuwa na vitu vidogo vyeusi vinavyotembea. Nilidhani ni nzi. Nilidhani amekufa. Nikainua mkono niwapunge.

"Usiwafukuze," alisema, midomo ikisogea kidogo sana. "Wanakunywa."

Walikuwa nyuki wadogo, wale wasiouma, wadogo kuliko punje ya mchele. Nilipoinua macho nikaona wanakotokea. Kwenye ufa, juu kidogo ya mto wake, walikuwa wamejenga mrija wa nta wa urefu wa pingili ya kidole, na mdomo wake ulikuwa umeelekea chini, kwenye uso wake.

Nikataka kuwapulizia dawa ya wadudu. Baba akakataa, na alivyokataa hakuinua sauti hata kidogo, jambo lililonitisha kuliko kama angefoka. Siku zilizofuata nilizoea kuwakuta pale, machoni na kwenye ukingo wa bandeji. Nilichoshindwa kuzoea ni kumsikia akiongea. Nikiwa jikoni nilikuwa namsikia akisema neno moja moja, kwa Kisukuma, kwa sauti aliyokuwa akitumia na mama peke yake. Kisha ananyamaza, kama anayepewa jibu. Nikiingia anafumba macho.

Nikampigia simu shangazi, dada yake mkubwa, anayeishi kijiji cha ufukweni, mwendo wa saa mbili hivi kutoka mjini. Alikuja kesho yake. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba huku tayari anaelekea chumbani, kwa sababu nilishamweleza habari za ukuta. Alipouona ule mrija alikaa kitandani, miguuni mwa baba, akautazama kwa muda.

"Hii asari watu wanaitafuta porini wiki nzima," alisema. Shangazi mpaka leo anasema asari. "Nyinyi imewafuata kitandani."

Kwao asali ya nyuki wadogo ndiyo asali ya dawa, ile ya nyuki wakubwa ni ya chai. Alinihesabia kwa vidole: kifua kinachobana, na ndimu na tangawizi. Mtu aliyeungua maji ya moto. Vidonda vya mdomoni. Mwanamke aliyetoka kujifungua, kijiko kimoja kwenye uji wa ulezi. Macho mekundu, tone moja, linauma kama pilipili halafu macho yanakuwa meupe. Na kidonda kilichogoma kufunga.

Sikutaka kufanya jambo bila kuuliza, nikaenda zahanati. Muuguzi hakushangaa. Alisema asali inasaidia vidonda, hata wao wameshaitumia, ila iwe safi, ichujwe, ipakwe baada ya kidonda kusafishwa, na mzee asiilambe, maana sukari yake haipandi mlima tena, iko kileleni.

Jumamosi asubuhi, kwa hiyo, tuliufungua ukuta. Tulimsogeza baba na kitanda chake upande wa dirisha. Shangazi alishika sufuria na kitambaa cheupe, mimi nikashika tindo na nyundo ya baba. Saruji haikunipa shida. Ilitoka vipande vipande, mpaka pakawa na tundu la kupitisha mkono.

Harufu ilitangulia, chachu na tamu, kama matunda yaliyoanza kuharibika ndani ya kabati la mbao. Nyuki wakatujia usoni, wakaingia kwenye nywele, hawaumi lakini wanatambaa. Ndani nikamulika kwa simu. Juu kulikuwa na vijungu vya nta, vya kahawia, vimeshikana kama kishada cha zabibu. Shangazi alivitoboa kimoja kimoja kwa mpini wa kijiko na asali ikashuka kwenye sufuria, nyepesi kama maji. Nililamba kidole. Ilikuwa chungu kwanza, chachu baadaye, na utamu ukaja mwisho kabisa.

Chini ya vijungu kulikuwa na mjusi. Alikuwa amekufa, mwili mzima umefunikwa kwa nta nyeusi mpaka vidole vya miguu, na kichwa kimeinuliwa. Shangazi alisema nyuki wakishindwa kutoa kitu nje hukizika hapohapo ndani ili kisioze. Alimtoa akamweka sakafuni juu ya gazeti.

Nyuma ya mjusi palikuwa na safu ya vitu vya duara, vidogo, vyeusi, vimebanana kwenye ufa vikiteremka chini mbali kuliko mwanga wa simu ulivyofika. Nilidhani ni vyumba vya watoto wa nyuki. Nikachokoa kimoja kwa tindo. Kilikuwa kigumu. Shangazi akakichukua, akakivunja kwa kucha, na ndani kilikuwa cheupe.

Kilikuwa kidonge. Kilikuwa na mstari katikati, na mstari ule niliujua, nilikuwa nimeutazama kila asubuhi kwa miaka.

Nilitoa kingine, na kingine. Vyote vimefunikwa, kila kimoja na koti lake la nta. Nilipofika arobaini nikaacha kuhesabu, na safu ilikuwa bado inaendelea.

Shangazi hakuniangalia mimi. Alimwangalia mdogo wake. Baba alikuwa anatazama nje ya dirisha, kule ziwani, ambako siku hiyo wadudu wa majini walikuwa wamepanda angani kwa wingi, nguzo nyeusi imesimama juu ya maji kama moshi usio na moto.

"Baba," nikasema. "Ulijua?"

"Dawa zilikuwa zinampa kizunguzungu. Alisema anayumba kama yuko kwenye mtumbwi. Akaniambia asali inamtosha."

"Na wewe ukanyamaza."

"Aliniomba. Alisema mtoto akijua atalia. Ulikuwa ukitoka tu, anakitoa chini ya ulimi, anakifuta na kanga, anakisukuma pale kwa kijiti. Mwanzoni niligomba. Baadaye mkono wake ukawa unatetemeka, kijiti kinamponyoka."

Sikutaka amalizie. Alimalizia.

"Nikawa namsukumia mimi."

Nakumbuka nilikaa sakafuni karibu na yule mjusi. Sikulia. Nilikuwa nafikiria kidonge cha pili, nilivyomwambia daktari kwa uhakika kwamba mama anameza kila siku. Shangazi ndiye aliyeendelea kuchokoa, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake. Ghafla akasimama.

"Hivi hapa havina nta," alisema.

Alinyoosha kiganja. Vilikuwa vinne, vikubwa, virefu, vyeupe kabisa. Vilikuwa juu karibu na mdomo wa ufa, nyuki walikuwa hawajavifikia. Presha ya mama haikuwa na vidonge vya namna hiyo. Vilikuwa vya sukari. Kimoja kilikuwa bado na unyevu.

Asubuhi ileile nilikuwa nimempa baba kidonge, na maji, na nikamtazama akinywa.

Nilimwona baba akigeuza uso kutoka dirishani. Hakujitetea. Alisema taratibu, kama anayeeleza jambo la kawaida la nyumbani, "Mama yako amekaa mle peke yake muda mrefu. Ananiuliza kama bado nameza. Sikutaka kumwambia ndiyo."

Ukuta ulikuwa wazi, nyuki wametapakaa, na bado sauti ile ilikuwepo, imevuta pumzi. Shangazi alifunga kanga yake kiunoni, akamsogelea baba, akamshika kidevu kama mtoto.

"Wifi yangu alikuwa na akili zake," alisema. "Asingekuita kwa njia hii. Huyo anayekuita ni kidonda. Leta maji, mayu," akaniambia mimi, akiniita mama kwa Kisukuma.

Nilileta maji. Baba alimeza kidonge kingine mbele yetu, akafungua mdomo, akainua ulimi. Kisha akalia, na mimi ndipo nikalia.

Asali tulichuja ile ya vijungu vya juu tu, ambavyo havikugusana na kitu. Muuguzi nilimweleza yote, vidonge vyote nikamkabidhi ndani ya bahasha viende kuteketezwa. Alisikiliza bila kunikatiza, akasema tu kwamba sasa anaelewa kwa nini kidonda kilizidi kugoma. Kila siku baada ya kusafisha alipaka asali kidogo kwenye bandeji, akafunga. Wiki ya pili kingo zikawa nyekundu. Ya tano nyama ilikuwa imepanda. Baba husema ni asali, muuguzi husema ni sukari iliyoshuka. Mimi nasema vyote viwili, ila kama ningelazimika kuchagua kimoja nisingechagua asali, na sioni aibu kusema hivyo ingawa naipenda na ninainywa.

Wakati wote huo nilikuwa simwongeleshi baba zaidi ya lazima. Nilimfunga kidonda, nikampa uji, nikatoka. Jioni moja aliniambia, "Ningekuwa wewe na mimi nisingeongea na mimi." Nikacheka bila kutaka. Tulianzia hapo, polepole, na kuna siku bado tunarudi nyuma.

Shangazi aliwahamisha nyuki. Alikuja na sanduku la mbao, akaingiza nta, malkia na kundi lote, akaliacha kwenye ufa mpaka wote wakaingia, akaondoka nalo. Baba alitengeneza saruji akiwa amekaa kwenye kigoda, akaziba ufa mwenyewe. Bado analala chumba kile. Anasema hasikii kitu.

Huko ufukweni sanduku limeshika, na watu wanakwenda kwa shangazi wenye vifua, wenye watoto walioungua, wenye wazee wa vidonda. Mwezi uliopita nilikuwepo. Mama mmoja wa makamo alifika na chupa tupu, akaomba asali ya presha. Shangazi siku hizi hampi mtu kabla hajamuuliza.

"Hospitali wamekupa vidonge?"

"Wamenipa."

"Unameza?"

Yule mama alitazama kando, kwenye maji, kabla ya kujibu.