Valvu Iliyofungwa Nusu

Ninaikumbuka asubuhi moja ya Jumatatu, mwanangu, nikiwa Muthangari na daftari jipya kwapani, kofia ya plastiki kichwani, na kiburi kimenijaa hadi kwenye kope. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka kwetu Vihiga kuja Nairobi kusomea uhandisi wa maji, na chuo kilikuwa kimenipa utafiti wangu wa kwanza: nitafute ni kwa nini visima vya mitaa ya magharibi mwa jiji vinakula umeme mwingi kuliko inavyopasa. Hee! Ungeniona siku hiyo ungedhani maji yote ya nchi hii yalikuwa yakinisubiri mimi niyaamuru yapande.

Mtaa nilioanzia ulikuwa wa familia arobaini hivi, nyumba za ghorofa nne zenye kisima chao wenyewe, kile kirefu kinachochimbwa kwa mashine. Pampu ilikuwa imezamishwa huko chini kabisa, ikisukuma maji hadi kwenye tangi lililoinuliwa juu ya nguzo, kisha maji yanateremka yenyewe kwenye mifereji ya watu. Mtunzaji wa kisima alikuwa Mzee Mutiso, mtu wa Kitui, mfupi, mpole, mwenye koti la samawati lililojaa mifuko. Yeye na mkewe waliishi katika nyumba ndogo ya vyumba viwili chini ya tangi. Nyumba hiyo ilikuja na kazi, na kazi ikiondoka, nyumba nayo inaondoka.

Basi nikapima. Nikapima presha, nikapima umeme, nikapima maji. Mara nikaona ajabu. Kwenye bomba linalotoka kisimani palikuwa na valvu, ile koki kubwa ya kuzungushwa kama usukani, nayo ilikuwa imefungwa nusu. Nusu, mwanangu! Kwa mtu aliyesomea maji, hilo ni sawa na kumwona dereva anakanyaga mafuta huku amekanyaga breki. Pampu inasukuma kwa nguvu zake zote, valvu inaziba njia, umeme unapotea bure.

"Mzee, mbona hii valvu imefungwa?" nikamuuliza, na sauti yenyewe haikuwa ya kuuliza.

"Hiyo iko hivyo, mwiitu," akanijibu. Mwiitu ni binti kwa Kikamba, na aliniita hivyo tangu siku ya kwanza. "Hiyo wachana nayo. Mimi ndiye niliiweka hapo."

"Lakini inapoteza umeme."

"Inapoteza, ndiyo. Lakini ikifunguliwa tutapoteza mingi zaidi."

Akarudi kwenye chai yake. Neno moja tu lingeniokoa hapo: mingi gani, Mzee? Tumeambiwa kuuliza si ujinga. Lakini mimi nilikuwa na daftari, na siku zile niliamini mwenye daftari haulizi watu wa koti la samawati. Nikaandika kwa herufi kubwa: UZEMBE.

Wiki iliyofuata Mzee Mutiso aliomba ruhusa, kamati ya wakazi ikamruhusu, akaenda na mkewe Kitui kwenye harusi ya binti ya ndugu yake. Mimi nikafika Jumanne, nikamkosa, na badala ya kusikitika nikafurahi. Nikashika lile gurudumu kwa mikono miwili nikalizungusha hadi likakataa kwenda. Pampu ikabadilisha sauti, maji yakaanza kuvuma ndani ya bomba, na mita yangu ikaonyesha nilichokuwa nikikiota: maji yanapanda maradufu, na umeme wa kupandisha kila mtungi umepungua vizuri sana. Mwanangu, nilizunguka nguzo za tangi nikiimba wimbo wa kwaya, tena sauti ya kwanza, na mimi huwa naimba ya tatu. Nikaiacha valvu wazi nikaenda zangu kuchora grafu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilivunjika siku ya nne. Kwanza mchanga ulionekana kwenye nguo za Mama Akinyi, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watoto kutoka ghorofa ya nne bila kutoka nje. Kisha ukaonekana kwenye masufuria. Kufikia Jumapili watu walikuwa wakisema chai ya mtaa huo hainywewi, inatafunwa. Jumatatu pampu ikakwama kabisa. Fundi alipoivuta juu akakuta vile vigurudumu vya ndani vinavyosukuma maji vimelika kama visigino vya viatu vikuukuu, na katikati yake mchanga umejaa tele.

Mzee Mutiso alirudi siku hiyohiyo jioni na shati lake la harusi, akakuta kesi inamngoja. Kamati ilikuwa imeshaamua mwenye kosa ni nani. Aliacha kisima bila mtu, wakasema, sasa tazama. Mkutano ukaitwa Jumamosi, wakazi waseme kama atabaki au atafungasha.

Na mimi je? Mimi nilinyamaza. Hapo ndipo palipo kosa langu, mwanangu, wala usidhani ni pale kwenye valvu. Kufungua valvu ulikuwa ujinga, na ujinga una dawa. Lakini kumwona mzee wa watu anabeba mzigo wangu, nami natazama viatu vyangu, ule ulikuwa uovu. Nilijiambia nikisema nitafukuzwa kwenye utafiti, nitarudi Vihiga nikamwambie mama nini? Nilikuwa na sababu nyingi nzuri. Mwoga hakosi sababu.

Ijumaa Mzee Mutiso akanijia pale chuoni. Nilipomwona langoni nikajikinga uso kwa daftari. Yeye akatabasamu tu. "Sasa, mwiitu. Umekula? Twende Kenyatta Market tukule nyama."

Tukaenda. Tukala mbavu za mbuzi na kachumbari, akinisimulia harusi, nani alicheza, nani alilewa, bwana harusi alivyosahau pete ndani ya suruali nyingine. Nikaanza kupumua. Tulipomaliza akamwomba mhudumu bilauri ya maji na mrija wa soda. Kisha akatoa kwenye mfuko wa koti karatasi iliyokunjwa, akaikunjua. Mchanga! Mchanga safi kabisa, mweupe.

"Nimeuosha mara saba," akasema. "Usiogope."

Akaumimina ndani ya bilauri, ukatulia chini. Akashusha mrija hadi ukagusa mchanga. "Vuta. Polepole."

Nikavuta polepole. Maji safi.

"Haya, sasa vuta kama mtu ana haraka."

Nikavuta. Woi, mwanangu! Mchanga ulinijaa mdomoni, ukaingia kwenye meno, mwingine ukanitoka puani. Nilikohoa hadi machozi. Kando yetu palikuwa na saluni, na wanawake waliokuwa wakisukwa waligeuka wote, mmoja nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, wakacheka hadi msusi akaacha kazi. Mzee Mutiso naye alicheka, tena bila huruma, akinipigapiga mgongoni.

"Kwetu mto ukikauka tunachimba kwa mchanga tupate maji," akaniambia nilipotulia. "Mtoto anafundishwa hii kitu mbele ya zote: usiteke kwa pupa. Mchanga hauna shida na mtu. Ukivuta maji pole, unakaa. Ukivuta kwa nguvu, unakuja nayo. Hiki kisima chetu kimepita kwa mchanga huko chini. Mwaka wa kwanza nilikifungua yote, nikaona. Ndiyo nikafunga nusu, nikaweka alama ya rangi kwa gurudumu."

Alama ya rangi. Alikuwa ameiona imehama mahali pake siku aliyorudi, kabla hata hajavua shati la harusi. Alijua kuanzia Jumatatu, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Mzee, mbona hukusema ni mimi?"

"Mimi niseme nini? Hiyo ni yako kusema." Akaosha mikono, akafuta mdomo. "Mkutano ni kesho saa nne."

Hakuniomba kitu kingine. Angenigombeza ningejitetea, maana kujitetea nilikuwa hodari. Lakini alinilisha mbavu akanisindikiza hadi barabarani, na mimi nikabaki sina pa kujificha.

Jumamosi saa nne viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwenye uwanja wa magari. Mzee Mutiso na mkewe walikaa mbele, kofia yake magotini. Mama Akinyi hakuwa amemaliza kufungua mkutano kwa sala nilipojikuta nimesimama. Nikasema yote: Mzee alinikataza, nikamkuta hayupo, nikafungua, nikaiacha wazi, nikanyamaza siku tano. Nikasema jina langu kamili, la ubatizo na la ukoo, sijui kwa nini.

Mama Akinyi akavua miwani. "Yaani sisi tumeoga mchanga wiki nzima kwa sababu ya digrii yako?"

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko. Akafuata mwingine, na wa tatu. Mwisho uwanja mzima ulikuwa ukicheka, na mke wa Mzee Mutiso akilia na kucheka kwa pamoja, ameshika mkono wa mumewe. Hawakuniachilia hivihivi, la. Mama Akinyi alitoa hukumu papo hapo: Mzee anabaki, anaombwa msamaha na kamati nzima, na mimi, hadi pampu itengenezwe, nitawabebea maji wazee wa ghorofa ya nne kutoka kwenye gari la maji. Kwa mikono yangu.

Siku sita, mwanangu! Mtungi huku, mtungi huku, ngazi hadi ngazi. Darasani nilikuwa nimeandika mara mia kwamba kupandisha maji kunahitaji nguvu, na kadiri unavyotaka kuyapandisha kwa haraka ndivyo yanavyokudai zaidi. Nilikuwa sijawahi kuyaelewa hayo kwa mashavu ya miguu. Siku ya kwanza nilikimbia, nikamwaga nusu nikalala kwenye ngazi. Siku ya tatu nilishapata mwendo wangu, nikawa nafika juu na maji yote na pumzi ya kumsalimia bibi mwenye nyumba. Alikuwa akinipa ndizi.

Kwenye mwendo huo ndipo jawabu lilipotokea: pengine pampu nayo ilihitaji mwendo wa pole. Nikaenda kwa mwalimu wangu chuoni nikamweleza kila kitu, nikingoja anionyeshe mlango. Alisikiliza, akacheka mchanga ulipofika puani, akaniambia niandike sura ya kwanza upya. Tukatengeneza sanduku la kioo maabarani, tukatia mchanga na maji, tukavuta kwa kasi mbalimbali tuone ni wapi punje zinapoanza kusafiri. Mzee Mutiso alikuja kututazama, amevaa suti na tai. Kabla hatujawasha mashine aliinama, akautazama mchanga, akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa ndipo utaanza," akasema. Na hapo ndipo ulipoanza. Wanafunzi walipiga makofi, naye akaona haya kama bibi harusi.

Tulichokipata ni kitu rahisi hata naona aibu kukisema. Pampu ya kisima kile ilikuwa kubwa mno. Mzee alikuwa sahihi kuhusu mchanga, na mimi nilikuwa sahihi kuhusu umeme, ila kila mmoja alishika nusu yake. Kamati ikaweka pampu ndogo, inayofanya kazi polepole kwa saa nyingi. Umeme ukapungua, mchanga ukabaki ulipolala. Siku ya kuiwasha wakazi walitoka wote, watoto wakiwa na vikombe mkononi. Mzee Mutiso akanishika bega akaniambia mbele ya watu, "Haya, mwiitu. Sasa fungua yote."

Nikafungua. Maji yakapanda meupe, safi. Mama Akinyi akapiga kigelegele kilichosikika hadi Lavington. Mzee Mutiso aliendelea kukitunza kisima kile hadi alipochoka mwenyewe, akarudi Kitui kwa heshima, akisindikizwa na mtaa mzima.

Leo mimi ndiye ninayewatuma vijana na kompyuta zao huku Karen na kule Muthangari, na nakuona wewe pia unafunga begi lako. Basi nisikilize kabla hujaondoka. Ukikuta kitu kinachokaa vibaya machoni pako, usikimbilie kukinyoosha. Mtafute aliyekiweka hivyo, kaa naye chini, umuulize anaogopa nini. Huenda amekosea, maana wazee nao hukosea, lakini woga wake una habari ambayo mita yako haina. Na siku utakapoharibu, kwa kuwa utaharibu, mwanangu, nani hajaharibu, usingoje mtu mwingine aanze kufungasha kwa ajili yako. Simama mapema, ukiwa bado unatetemeka. Nilidhani nikisema ukweli nitapoteza kazi. Kumbe kazi yangu yote ya miaka hii ilianzia kwenye kile kiti cha plastiki nilichokiinukia.

Nenda basi. Mungu akutangulie kila uendako, akupe sikio kubwa kuliko daftari lako, akukutanishe na watu watakaokucheka usoni na kukutetea mgongoni. Na watu wakifungua mifereji yao asubuhi, wakanywa, wakaoga, bila kujua jina lako, ufurahi kwa ajili yao.