Kipandauso Changu Wakakiita Mimba

Shemeji yangu Benedikto alininyang'anya majaruba ya mpunga niliyoachiwa na marehemu mume wangu, na wifi yangu Fausta ndiye aliyempa sababu. Fausta alisema nina mimba ya nje. Baadaye akasema nimeitoa. Sikuwa na mimba. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na saba na maumivu ya kichwa. Kosa walilonitendea nalitaja mapema, asije mtu akasoma akidhani naomba kuonewa huruma.

Naitwa Romana. Kijiji chetu kiko upande wa Usevya. Mimi na mume wangu, Bartolomeo, tulizaa mabinti wawili, mmoja kaolewa Mishamo, mwingine Kasekese. Mtoto wa kiume hatukupata, na ukoo wake haukuacha kunikumbusha. Majaruba yale tulipewa yakiwa matete matupu. Tuling'oa mizizi sisi wawili, tukapandisha matuta sisi wawili. Benedikto wakati huo alikuwa Mpanda mjini akiuza vocha. Bartolomeo alipofariki, ukoo ulikaa ukasema mjane abaki na shamba maadamu anakaa kwa heshima ya marehemu. Nikakaa. Nilikaa kwa heshima hata wao wenyewe wakachoka kuichungulia.

Kichwa nilikuwa nacho tangu ujana. Kilikuja siku moja kabla ya hedhi, nikilala nusu siku kinaondoka. Mama yangu naye alikuwa nacho, akikiita kipandauso, kwa hiyo sikushangaa. Lakini nilipovuka arobaini na tano mambo yakageuka. Damu ikakosa adabu. Ilikuja mara mbili mwezi mmoja, kisha ikapotea miezi. Kichwa nacho kikaacha kungoja siku zake. Kwanza vimeremeta vinacheza pembeni mwa jicho, kama jua linapopiga maji ya jaruba, hata nikiwa ndani ya nyumba. Halafu upande mmoja unagonga, mwanga unachoma, harufu ya dagaa wa kukaangwa inanitapisha. Mtu akiniuliza jambo nasikia sauti yake ndani ya jino.

Sasa niseme jinsi tunavyopanda, maana hapo ndipo waliponikamatia. Sisi wanawake tulikuwa na ujima. Leo tunapanda kwa huyu, kesho kwa yule, mwenye shamba anapika. Na ujima wetu una mwiko: mwanamke aliye kwenye siku zake haingii kitaluni kung'oa miche. Anabaki kwenye tuta, anapokea miche iliyokwisha kufungwa na kuwapelekea wanaopanda. Wazee walisema akiingia miche itakuwa ya njano. Sikuutunga mimi mwiko huo, niliukuta nikaufuata. Lakini maana yake ni kwamba hakuna siri. Ukisimama tutani, wote wanajua. Usiposimama, wanajua pia.

Msimu ule sikusimama tutani hata mara moja. Damu ilikuwa imepotea tangu mvua za kwanza. Na asubuhi nyingine kichwa kilinikuta njiani, nikatapika nyuma ya migomba, nikanawa, nikaenda kazini. Fausta aliniona.

"Wifi, mwaka huu tuta limekusahau," aliniambia mbele ya wenzetu tukiwa tumeinama kwenye matope.

"Nimezeeka. Tuta nawaachia nyie."

"Umezeeka na asubuhi unatapika?"

"Kichwa, wifi."

"Hicho kichwa kina miguu na mikono? Kitazaliwa mwezi wa ngapi?"

Wanawake wakacheka. Mimi ni mtu wa kujibu, nikamjibu: "Kikizaliwa nitakiita Fausta, maana kina kelele."

Wakacheka zaidi, safari hii wakimcheka yeye. Fausta hakucheka. Alifunga miche yake akaikaza mpaka ikakatika.

Nilikwenda zahanati mwenyewe. Muuguzi wa pale anaitwa Rosine, mzaliwa wa Mishamo, kule kwenye makazi ya waliokuja wakimbizi kutoka Burundi, mtu wa maneno machache. Aliniuliza habari za damu, za vimeremeta, za mama yangu. Akanipima presha. Akanipima na mimba, kwa sababu hedhi ilikuwa haipo, na kipimo kikasema sina. Aliniambia mwili unaelekea kukoma hedhi, homoni zinapanda na kushuka, na kipandauso kinazifuata huko huko. Alinipa vidonge vya maumivu, nimeze mara vimeremeta vikianza, nisisubiri mpaka nilale chini. Akanionya nisivizoee kila siku, vikizidi vyenyewe huleta kichwa. Nisiende shamba na njaa. Ninywe maji. Nilale na kuamka saa zilezile. Kichwa kikija cha ghafla kisicho cha kawaida, au mkono ukafa ganzi, au maneno yakakwama, nikimbie hospitali.

Nilifuata. Nikawa nakula kiporo cha ugali kabla jua halijatoka, nikavaa kofia ya ukili yenye ukingo mpana, chupa ya maji nikaining'iniza kiunoni. Kichwa hakikuisha ila kilipunguza kiburi. Wenzangu walipoona nakula alfajiri na kulala mapema, wakasema: ona, analea mimba.

Ikafika zamu ya ujima kuja kwangu. Maharage na wali vilikuwa jikoni. Niko katikati ya kitalu, nimeshika miche, damu ikaja bila taarifa. Haikuja kama hedhi. Ilikuja kama mtungi uliopasuka, ikashuka miguuni mpaka kwenye maji. Nilisimama nikaanza kutoka polepole. Fausta akainua kichwa, akaangalia maji, akapiga ukunga.

"Imetoka! Jamani, imetoka! Mimba imetoka ndani ya miche!"

"Ni hedhi, Fausta. Nyamaza."

"Hedhi gani hiyo? Si ulisema umezeeka? Ameinywea dawa! Mjane wa kaka yangu ameua kiumbe ndani ya chakula chetu!"

Hakuna aliyenishika mkono. Walitoka kitaluni wote kama walioona nyoka, wakachukua ndoo zao, wakaondoka bila kugusa wali. Mimi nilifika nyumbani vimeremeta vimeshaanza. Nikameza dawa, nikaziba dirisha kwa gunia, nikajifunga kanga machoni, nikalala. Na kulala gizani nako wakakuita kujificha.

Jumapili baada ya misa Benedikto aliita kikao cha ukoo uani kwake. Fausta alisimulia, na kila alipofika kwenye damu aliongeza ndoo. Kisha akatoa ushahidi wake mkubwa.

"Alikiri kwa kinywa chake! Alisema mtoto akizaliwa atamwita jina langu. Waulizeni wanawake."

"Ni kweli alisema?" Benedikto akauliza.

"Alisema," wakajibu wanawake wawili walewale waliocheka mpaka wakashika mbavu.

Nilisema ulikuwa utani. Mzee mmoja wa ukoo akasema utani hauna jina la mtoto. Nikamtuma mtu wa bodaboda amlete Rosine, akaja, na kwa ruhusa yangu akasema mbele yao kwamba alinipima na sikuwa na mimba. Akaeleza kwamba mwanamke wa umri wangu anaweza kukosa damu miezi, kisha ikaja nyingi, na kwamba kipandauso kinaweza kumtapisha mtu yeyote, hata padre.

"Dada wa Mishamo," Benedikto akamwambia, "mambo ya ukoo wetu usiyaingilie."

"Mimi Mtanzania kama wewe, kaka."

"Sijasema si Mtanzania. Nimesema si wa ukoo."

"Basi kiulizeni kipimo, nacho si cha ukoo wowote."

"Vipimo vinanunuliwa," Fausta akasema.

Benedikto akanigeukia na sauti ya upole, ile sauti ya mtu anayekuchuna ngozi akikupuliza. "Shemeji, hatukufukuzi. Nyumba ni yako, kaa mpaka Mungu akuite. Ila majaruba ni ya marehemu, na marehemu umemvunjia heshima."

Hapo hapo likapita barabarani gari la ng'ombe la Manyanda, kijana anayebeba mizigo ya watu kwa malipo, limejaa miche iliyofungwa, linaelekea bondeni kwenye majaruba. Nikamwuliza Benedikto miche ile ni ya nani. Manyanda, ambaye hakujua lolote, akapiga kelele kutoka barabarani: "Baba, niishushe kwa marehemu Bartolomeo kama ulivyosema jana?"

Watu wote walisikia. Mzee wa ukoo aliomba maji ya kunywa.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akasema mambo ya ukoo yamalizwe na ukoo. Natarajia kwenda mbele zaidi, na safari hii Rosine amesema atanisindikiza. Kwa sasa napalilia mahindi ya watu. Jua la mahindi ni baya kuliko la mpunga, maana huku hakuna hata maji ya kutia miguu. Kipandauso kinanipata, lakini najua namna ya kukaa nacho. Nakula mapema, nameza dawa mapema, nikizidiwa nalala chini ya mti wowote, wapite waseme watakavyo. Kichwa hakijawahi kunidanganya kwamba ni ndugu yangu.

Karibu na Pasaka Fausta alikuja jikoni kwangu na sahani ya unga, kafunika kwa kitambaa. Alikaa kwenye kinu bila kukaribishwa.

"Wifi, tusameheane," alinong'ona. "Nataka kupokea komunyo."

"Kumbe unajua sikuwa na mimba."

"Nilijua baadaye. Nilimuuliza mtu."

"Basi kamwambie kaka yako."

"Ah, wifi. Ukoo utanionaje? Hili tulimalize sisi wawili humu humu."

"Kule kitaluni ulinipigia ukunga mpaka ng'ambo ya mto wakasikia. Humu jikoni unanong'ona. Padre wako atakukubalia hiyo. Mimi sikukubalii."

"Una moyo mgumu, Romana."

"Na wewe una sahani yako. Ondoka nayo."

Aliondoka nayo. Pasaka akapokea komunyo, nilimwona kwa macho yangu, mikono imekunjwa kifuani kama malaika wa kuchorwa.

Kwa hiyo deni liko hivi. Benedikto ananidai nimheshimu kama shemeji, nami namdai majaruba yote, pamoja na matuta yake, kama yalivyokuwa siku nilipotoka. Wanawake wa ujima nawadai siku za kazi nilizowainamia wao kwenye matope, maana zamu yangu haikupandwa, na wao wanapita mlangoni kwangu wakiuliza hali. Wasiniulize hali, walete mikono. Na Fausta anadaiwa sauti. Asimame kwenye kitalu wakati wa miche, wenzake wote wakiwa wameinama, aseme kwa nguvu ileile kwamba alisema uongo na kwamba kaka yake aliutumia. Unga wake sitaki. Sala zake amwombee nazo Bartolomeo, ambaye wamemwibia mara mbili: kwanza heshima ya mjane wake, kisha shamba lake.