Tangi ya Upande wa Dereva

Mama yangu alikuwa na kibuyu kimoja ambacho hakikutaka maziwa. Sijui niseme namna gani ndiyo ieleweke. Vibuyu vingine alivisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, akamimina maziwa, akavitundika, na baada ya siku kadhaa tukanywa mursik, maziwa yetu ya mgando, tukalamba midomo. Hicho kimoja, hata akikisugua mpaka jasho limtoke, maziwa yalitoka maji juu na kitu kama kamba chini. Hakukitupa. Alikitundika peke yake, mdomo ukiangalia ukuta, na sisi watoto tulikatazwa kukichungulia. Nikamuuliza kuna nini ndani.

"Hakuna kitu," akasema. "Ndiyo maana usichungulie."

Siku hizi wajukuu wangu wanaweka maziwa kwenye chupa ya plastiki iliyokuwa na soda, wanakunywa na wanakua, sina la kusema. Lakini mimi tangu wakati ule nikiona chombo chochote chenye mdomo mwembamba, kwanza nasita kuchungulia. Na Mungu akanipa kazi ya vyombo. Si vya maziwa. Nilikuwa kwenye kituo cha mafuta pale Cheptiret, barabara ya kutoka Eldoret kwenda Nakuru, na kila asubuhi nilifungua vifuniko vya tangi zilizo chini ya ardhi, nikatumbukiza fimbo ndefu ya kupimia. Mwisho wa fimbo tulipaka dawa fulani ya rangi. Ikigusa maji inageuka nyekundu, ikigusa mafuta haigeuki. Shule niliacha mapema sana, barua nilisomewa, lakini fimbo niliisoma mwenyewe.

Fimbo hiyo ndiyo iliyonikutanisha na ile gari.

Ilikuwa miaka ya chama kimoja, kadi ya chama lazima iwe mfukoni ukienda sokoni. Gari yenyewe ilikuwa lori kuukuu ya kambi ya barabara. Pale nyuma pa mizigo walikuwa wamejenga nyumba ya mbao na mabati: kitanda, jiko, bomba la moshi, madirisha mawili yenye pazia. Mwenyewe alikuwa mzee wa kutoka Nyandarua, ameendesha magari ya kutengeneza barabara maisha yake yote, akainunua kwenye mnada alipostaafu. Aliishi humo na mkewe, ambaye sote tulimwita Mama. Injini ilizimika karibu na kituo chetu, tukaisukuma mpaka nyuma, kando ya shamba la mahindi, na tajiri wangu akasema wakae hapo mpaka ipone.

Chifu akatuma askari wake aulize nyumba isiyo na ploti ni ya kijiji gani. Mama akamjibu kutoka dirishani, "Mwambie chifu tukijua tutakuja kumwambia." Askari akacheka, akapewa chai, akaenda zake.

Huyo mama alikuwa na mdomo mtamu lakini alikuwa mgonjwa. Miguu ilivimba, pumzi ilikuwa fupi. Binti yao alikuwa Nyandarua kwenye shamba lao, na huko ndiko alikotaka kufika. Mimi nikamuuliza siku moja, nikimpelekea maji, kwa nini asipande basi tu.

"Nikipanda basi nitafika peke yangu," akasema. "Huyu hatanifuata, namjua. Miaka yote ananiambia mwaka ujao, mwaka ujao. Sasa amesema atanipeleka kwa hii gari. Basi nitakaa hapo kiti cha mbele mpaka aende. Nataka tufike wote wawili, kijana wangu. Sitaki aje kuzikwa kando ya lami kama mbwa aliyegongwa."

Hilo ndilo alilotaka, na kila mtu pale kituoni alijua.

Sasa, gari hiyo ilikuwa na tangi mbili, moja kila upande chini ya nyumba. Chini ya kiti cha dereva kulikuwa na kishikio: ukikigeuza huku injini inakunywa kutoka tangi hii, ukikigeuza kule inakunywa kutoka ile. Ya upande wa abiria tuliiita ya Mama. Hiyo haikuwa na shida. Shida ilikuwa ya upande wa dereva. Ukifungua nati ya chini, dizeli haikutoka kwanza; kilitoka kitu cheusi, laini, kinavutika kama maini yaliyooza. Tulikikinga kwa sufuria. Tukachuja dizeli kwa kitambaa cha Mama cha kichwani, tukairudisha. Kesho yake kitu kile kiko pale pale, kimeongezeka. Nimeona uchafu mwingi wa tangi maishani, kutu, maji, hata panya. Uchafu unakaa. Huo ulikuwa unakua.

Mzee akaleta dawa ya dizeli kutoka duka la Mhindi mjini Eldoret, mkebe mwekundu, maandishi ya Kizungu. Mwenye duka alimwambia kifuniko kimoja kwa tangi nzima, basi. Mzee akawa anatia kifuniko asubuhi na kifuniko jioni.

"Mzee, si alisema mara moja?" nikamuuliza.

"Umeona wapi mgonjwa anapona kwa dozi moja?"

Mama akasikia. "Mgonjwa ni nani hapa? Mimi ndiye nimevimba miguu, na dawa inakunywa tangi!"

Tulicheka sote, na mzee pia. Lakini jioni ile nilimwona amechuchumaa akiifuta tangi kwa kitambaa, polepole, kama unavyomfuta mtoto mwenye homa.

Kisha akaamua kuiacha. Tuliimwaga yote, tukafunga, tukawa tunawasha injini kwa tangi ya Mama peke yake. Baada ya siku mbili tatu hivi akaniita. "Kijana, lete fimbo yako." Nikaitumbukiza kwenye ile tangi tupu. Ikatoka imelowa. Tukawasha injini tena, tukazima, tukapima: imepanda. Hakuna mtu aliyetia hata tone.

Tajiri alimwita fundi kutoka Langas, mtu mfupi mwenye kucheka sana, akalala chini ya gari kidogo tu. "Hakuna jini hapa, Mzee. Ni paipu." Akatueleza kwamba injini ya dizeli haimalizi mafuta yote inayopewa, yanayobaki yanarudi kwa paipu nyembamba, na mtu huko kambini alikuwa ameielekeza paipu hiyo kwenye tangi ya dereva. Ukinywa kwa Mama unatapika kwa dereva. Akaihamisha. Mama akafurahi sana, akatoa kanzu yake ya safari akaianika.

Lakini hatukuondoka. Mzee alisema kwanza anataka kuwa na uhakika. Ikizimika juu huko Timboroa, kwenye msitu, kwenye baridi ile, na Mama na pumzi yake? Lilikuwa neno la maana, huwezi kubishana nalo. Kila siku alikuwa na neno la maana.

Alasiri moja tulikuwa wawili chini ya gari. Jua lilikuwa kali, halafu wingu la mvua likalifunika ghafla, na tangi ikalia. *Tung.* Bati likipoa linalia, hilo najua. Mzee akachukua spana akagonga kidogo, mara mbili. Tangi ikajibu mara mbili.

"Nani?" mzee akauliza.

"Ni mimi, nani mwingine?" Mama akajibu kutoka ndani ya nyumba.

"Si wewe."

 Kisha kichwa cha Mama kikatokea dirishani. "Kwani unaongea na nani huko chini?"

"Na huyu kijana."

Mimi nilikuwa sijafungua mdomo. Niliangalia mahindi. Hayakutikisika, na mvua ile haikunyesha.

 Asubuhi yake Mama alimwita fundi mwenyewe, hakumpitia mzee. "Itoe hiyo tangi, itupe," akamwambia. Mzee akakataa. Fundi akasema angalau tuiache hapa kituoni, tajiri atailinda. Mzee akamwangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Nani atamtunza?" akasema.

Alisema hivyo, atamtunza, kama mtu. Fundi akacheka, kisha akaacha kucheka.

Basi wakakubaliana nusu. Tangi ikatolewa, ikaoshwa kwa mafuta ya taa, ikaoshwa kwa sabuni, ikalazwa juani mdomo wazi mpaka nilipoingiza mkono na kutoa vumbi. Ikarudishwa mahali pake tupu. Paipu zote zilizoingia humo zikakatwa na kuzibwa kwa mbao na mpira. Ikawa debe tu lililofungwa chini ya gari. Tangi ya Mama ikajazwa dizeli safi na kifuniko kimoja cha dawa, na nilikitia mimi.

Siku ya kuondoka ilikuwa na jua zuri. Wanawake wa hoteli ya kando ya kituo walikuja kuaga, wamemfungia Mama viazi na mayai. Alipanda kiti cha mbele kwa shida, tukimsukuma kwa nyuma naye akitutukana kwa upendo, akaweka mkoba magotini. Injini ikashika mara ya kwanza. Moshi ukatoka mweupe, kisha ukaisha kabisa. Nilikuwa sijawahi kuisikia ikiunguruma vizuri hivyo. Fundi akapiga makofi.

Mzee akashuka.

"Baba, nini tena?" Mama akauliza.

"Naangalia tu."

Akanyoosha mkono, nikampa fimbo. Akafungua kifuniko cha ile tangi ya dereva, akaitumbukiza, akaitoa. Ilikuwa imelowa kiasi cha kiganja. Dawa ya rangi haikugeuka, kwa hiyo hayakuwa maji. Nikanusa. Haikuwa dizeli. Haikuwa na harufu yoyote.

Mama alifika kwao, hilo niliseme hapa hapa nisisahau. Tulingoja mpaka mchana, kisha fundi akamwendesha, na hata Timboroa gari haikukohoa. Alifika kwa binti yake. Alifika peke yake, kama alivyoogopa. Mzee tulimtafuta, chifu alimtafuta, binti alikuja akamtafuta.

Mzee alinirudishia fimbo mkononi, taratibu. Hakuonekana kushtuka. Akafuta vidole kwenye suruali, akapita kando ya mahindi. Nilidhani anaenda kujisaidia. Mama akapiga honi. Akapiga tena. "Baba! Injini inaunguruma bure!" Yeye alikuwa ameshafika kwenye barabara ya vumbi inayokwenda Kesses, mikono nyuma, anatembea kama mtu anayeenda dukani kununua kiberiti, wala hakugeuka, na hakurudi tena.