Mguu Usiouma

Nawaomba radhi, nitasema nikiwa nimeketi. Aliye karibu na kile kibao anisogezee niweke mguu. Ahsante. Nesi wa kliniki hii ya sukari kaniambia niwape moyo, na moyo wenyewe siku hizi ninao asubuhi tu, kwa hiyo sikilizeni upesi.

Kwetu ni Kakuyuni. Nilikuwa mwanamke wa kusimama. Alfajiri nilikaanga mahamri ya kuuza, jua likipanda niko shambani, jioni nateka maji, na yote hayo pekupeku. Sukari nilikuwa nayo miaka kumi, vidonge nikimeza nikikumbuka. Nyayo zikaanza kufa ganzi polepole, wala sikujali. Siku moja jikoni nikasikia harufu ya nyama inaungua, nikamwuliza binti yangu nani leo kanunua nyama. Kumbe nimekanyaga kaa la moto, ninayeungua ni mimi.

Baadaye niliingia kishimo shambani, mguu wa kulia ukapinda. Sikuona maumivu, nikaendelea kupalilia. Siku ya tatu ulikuwa umevimba mpaka juu ya kifundo, unang'aa, una joto kama mtoto mwenye homa. Nikaenda kwa mkandaji, akanikanda kwa mafuta ya nazi na kunivuta vidole. Tulikuwa tunacheka huku anavuta. Ndani nilisikia kitu kinasagika, kama unatafuna wali wenye mchanga.

Nilipofika hospitali Kilifi, daktari kijana alinishika miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono.

"Mama, huu una joto kuliko mwenzake," akasema. "Sukari imeharibu mishipa ya fahamu. Mifupa na viungo vya wayo vinavunjika ndani, nawe huna habari, kwa hiyo waendelea kuvikanyaga."

Akanifunga plasta hadi chini ya goti, akanipa magongo. Akaniambia nisikanyage mpaka aniruhusu, na kwamba hiyo ni kazi ya miezi.

Jamani, kuugua ugonjwa usiouma kunachosha. Mwenye malaria hutetemeka, watu wakamwonea huruma. Mimi kila mgeni alikuja na swali moja, "Wauma?" Nami nikajibu kweli, "Hauumi." Basi namwona anavyotazama vyombo vichafu, kisha ananitazama mimi.

Mwezi wa pili wa plasta mama mkwe akafariki, huko Kaloleni. Mume wangu, Baba Katana, ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo sufuria za matanga ni zangu. Nilikaa mkekani nusu siku. Dada ya mume wangu, Sidi, akanijia, macho yamemvimba kwa kulia.

"Wifi, mguu wauma?"

"Hauumi, wifi."

"Haya, pumzika basi. Tutatafuta watu wa nje wampikie mama."

Sitamsingizia, hakuna aliyenivuta mkono. Niliona haya, nikaogopa kusemwa, nikainuka. Siku tatu nilisimama motoni nikisonga ugali wa watu, magongo nimeyaegemeza ukutani.

Tuliporudi nyumbani plasta ikaanza kunuka. Daktari alipoikata, inzi waliwahi kabla yangu. Wayo ulikuwa umeporomoka. Pale katikati penye upinde palitokeza nundu, na kwenye nundu kidonda cha usaha ambamo kidole kingeingia. Picha ilionyesha mifupa kama biskuti zilizokaliwa. Daktari hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama, safari hii ni kukaa ama ni kukata."

Nilikaa miezi tisa. Nilijiburura kwa makalio, magongo yalinichubua makwapa, nikachoka hata kuomba dua. Baba Katana alijifunza kusonga ugali uzeeni, ukatoka na madonge, tukaula hivyo hivyo. Sidi nilimchukia. Kisha akahamia kwetu bila kuitwa, akakaanga mahamri yangu, akamwaga ndoo yangu ya haja, akaniosha kidonda bila kugeuza uso. Siku moja akaniambia, "Wifi, mimi nilidhani kisichouma ni kizima." Nikamwambia, "Hata mimi." Tukalia wote wawili, maana tulikuwa tumechoka.

Sikupona kwa namna mnavyopenda kusikia. Mguu umebaki mpana na umepinda, na bila kiatu hiki nilichoshonewa kwa kipimo changu siendi popote. Kutoka nyumbani hadi barabarani napumzika mara mbili. Lakini kidonda kimefunga na mguu ni wangu. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, nawashukuru Baba Katana na Sidi walionibeba.

Mlio na sukari, kila asubuhi shikeni miguu yenu kwa mgongo wa mkono. Mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, njooni siku hiyo hiyo. Msingoje uume, na msikubali kukandwa. Mkiambiwa mkae, kaeni.

Juzi tulifiwa tena, kwa ndugu ya mume wangu. Nilitandikiwa mkeka kando ya jiko, nikachambua mchele. Wake wadogo wa ukoo walipita na ndoo wakinong'ona, tena kwa sauti: mkwe gani huyu, kukaa kama bibi harusi. Sidi alitaka kuwajibu, nikamzuia. Nilisemwa siku mbili nzima, na nimerudi nyumbani na miguu miwili.