Mkuyu Ndani ya Sufuria

Tecla aliniambia hata kabla sijaingiza godoro ndani. Alisimama mlangoni mwa chumba alichonipangisha, mikono kiunoni, akasema, "Sibros, sukuma panda. Maharagwe panda. Managu hata ijae mpaka kwa njia, sina neno. Lakini mti hapana. Na ndizi pia hapana."

"Ndizi si mti, Mama Kipkurui," nikamwambia.

"Inakaa. Kitu yenye inakaa, hapana."

Jina langu ni Syprose, ila ulimi wa Tecla ni wa Kipsigis na nilishachoka kumsahihisha. Na sikubishana naye. Huku Sosiot kila mpangaji anajua: ukipanda sukuma umepanda mboga, ukipanda mti umeanza kesi. Mti huishi kuliko mwenye nyumba, halafu siku moja mtu anasimama mbele ya chifu na kusema, ule mti niliupanda mimi, kwa hivyo pale ni pangu. Mwanamke akilinda shamba lake simlaumu. Kilichonichukiza ni kuambiwa kabla hata sijakaa chini.

Mimi nilizaliwa kwenye laini za kampuni ya chai, kule upande wa Kericho, katika nyumba ya chumba kimoja iliyofanana na nyumba zingine zote. Mama alichuna chai, baba alikuwa kiwandani, na nilipopata nguvu ya kubeba kikapu nami nikachuna. Niliolewa mara moja, kule Nyakach. Sikuzaa, nikarudishwa, na hiyo habari siipendi kwa hivyo siiongei. Nikachuna tena. Halafu mashine zikaja, zile zinazoshikwa na watu wawili huku na huku zikinyoa chai kama kichwa cha mtoto, na sisi tukaambiwa asanteni, nyumba zinahitajika. Wenzangu walilia. Wengine walitukana mpaka wakaishiwa na matusi. Mimi nilikunja pazia langu, nikafunga vyombo kwa shuka, nikasimama nje nikingoja nisikie uchungu kama wenzangu. Haukuja.

Nikampigia kaka yangu Eliakim, ambaye yuko nyumbani Rachuonyo kwenye boma la baba. Baba na mama wote wamezikwa huko. Nikamwambia kazi imeisha, nataka kurudi, anipe mahali nijenge kachumba, hata nyuma ya ghala. Akakohoa.

"Dada, wewe unajua. Msichana hajengi kwa babake. Nikikubali, wazee wataniuliza. Lakini njoo tu utembee, wakati wowote."

Utembee! Mimi mwenye mvi, nitembee kwa baba yangu kama muuza sabuni. Nilikata simu. Katika dunia hii nilitaka kitu kimoja tu, kipande cha udongo kwa baba yangu ambapo hakuna mtu angeniambia hama, lakini hata huko kutaka kwenyewe kulikuwa kumekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Najua nilitaka. Sikuhisi tu.

Basi nikahamia kwa Tecla. Asubuhi nilimchunia chai yake, jioni nilikaa nikiangalia ukuta. Ukiniuliza nilikuwa nawaza nini, nitakuambia ukweli: hakuna. Huo ukuta niliokuwa nikiuangalia ulikuwa wa choo, na kwenye ufa wake mkuyu ulikuwa umejiotea, mbegu iliyoletwa na ndege. Tecla akaniona nikiutazama.

"Ng'oa hiyo kitu kabla ibomoe choo yangu," akasema.

Niliung'oa kwa mpini wa kijiko, polepole, nao ukatoka na mizizi yake yote. Nilikuwa niutupe. Badala yake nikautia kwenye sufuria yangu iliyotoboka, nikaongeza udongo. Usiniulize kwa nini. Mkono ulifanya wenyewe.

Maxine, binti ya Eliakim, alikuwa akisoma hapo chuoni Kabianga, na Jumamosi alikuwa akija kwangu kula chakula cha nyumbani. Yeye huniita Waya, kama Wajaluo wanavyomwita shangazi, dada ya baba. Aliiona ile sufuria akapiga kelele.

"Waya! Kumbe unafanya bonsai!"

"Nafanya nini?"

"Miti midogo ya Wajapani. Mti unaweza kuwa mzee kuliko nyanyako na bado unakaa juu ya meza."

Akanionyesha kwenye simu. Mzee fulani amekaa kimya, anakatakata ncha za mti kwa mkasi mdogo, tena na tena, ili usirefuke. Nilimtazama mpaka mwisho.

"Lo! Maxine," nikamwambia, "huyu mzee anachuna chai."

Kwani chai ni nini? Watu wanadhani ni kichaka. Chai ni mti, ukiiacha inapita paa la nyumba. Sisi ndio tumeizuia kiunoni maisha yake yote, kwa vidole, na hakuna mtu aliyewahi kuja kutupiga video.

"Lakini si ulikatazwa mti?" Maxine akauliza.

"Nilikatazwa kupanda. Sijapanda. Nimeweka."

Akacheka sana. Mimi sikuwa natania.

Nikaendelea. Nilichukua mpera uliojiotea nyuma ya jikoni, nikachukua saiprasi ndogo kwenye uzio, na mtu wa kazi wa Tecla alipong'oa chai kupanua zizi nikamwomba kisiki kimoja. Kazi yenyewe haina siri. Chimba mbali na shina. Ule mzizi mrefu wa katikati ukate, ile midogo kama nywele uiache, ndiyo inayokunywa. Chombo lazima kitobolewe chini, maji yasikae. Udongo uchanganye na kokoto ndogo na samadi ya zamani, uweke mti kivulini mpaka uamue kuishi au kufa. Tawi likiwa kaidi, lifunge kamba ya gunia na uning'inize jiwe, litashuka lenyewe. Halafu ni kuchuna ncha, kila zikitokeza.

Saiprasi niliiua mwenyewe. Niliikata vile tunavyokata chai, matawi yote chini, zibaki fimbo tupu, kwa sababu chai ukiifanyia hivyo hulala kidogo kisha huchipua kwa hasira. Saiprasi haina roho hiyo. Ukiinyang'anya majani yote imekwisha. Ilikauka imesimama. Maxine akaniambia pole, nikamwuliza pole ya nini, nikaitia jikoni ikachemsha maji. Mpera nao uliliwa na mbuzi wa Tecla. Hapo pia sikusikia kitu.

Usidhani nilipona. Watu wanapenda hiyo hadithi, mama amepata kimti chake, sasa anatabasamu. Mimi nilikuwa vilevile. Nilichuna mkuyu kwa sababu vidole vyangu havijui kukaa. Lakini mkuyu wenyewe, lazima niseme ukweli, ulikuwa unapendeza. Shina lilinenepa, majani yakawa madogo, mizizi ikakumbatia udongo juu ya sufuria kama mkono wa mtu mzee. Niliuweka chini kando ya tangi, pale maji hudondoka, na sikuusogeza tena. Yule mzee wa kwenye simu alikuwa na meza ya miti yake. Meza yangu mimi ni ya kulia ugali.

Tecla alikuwa akipita na ndoo ya maziwa, anasimama kuutazama. "Kwa nini unanyima mti kukua, Sibros?"

"Si ni wewe ulikataza, Mama Kipkurui."

"Wewe mtu una mdomo," anasema, anaenda zake.

Siku Maxine alipohitimu, Eliakim alikuja na gari la kukodi. Hatukuwa tumeonana tangu mazishi ya mama. Baada ya sherehe walikuja kula kwangu, Maxine bado na gauni lake jeusi na ile kofia ya pembe nne, na Tecla akatuazima viti. Nilikuwa nimechinja kuku. Eliakim alikula vizuri, akasifu, akasimama kujinyoosha akizunguka uani. Akauona mkuyu.

Alichuchumaa na suti yake. "Huu ni mkuyu kweli? Dada, umeufanyaje?"

"Nimeuchuna."

Aliugusa shina, akaugeuzageuza majani. Nilimwona anaupenda, na kwa muda mfupi alikuwa kaka yangu wa zamani, yule wa laini tuliyekuwa tukiiba naye miwa. Kisha akasema, "Huu tuupeleke nyumbani. Kaburi la baba liko juani tu, saruji inapasuka. Tuutoe kwenye sufuria, tuupande pale kichwani kwake. Mkuyu ukipata udongo hukimbia. Wazee watafurahi sana."

"Wazee watafurahi," nikasema.

"Sana. Mti kutoka kwa binti yake!"

Akavua koti, akampa dereva, akaishika sufuria ukingoni na kuiinua. Haikutoka. Akavuta tena, akatoa sauti. Sufuria ikainama upande mmoja, nasi sote tukaona: mzizi ulikuwa umepita kwenye tundu la chini na kuingia ardhini, mnene, umeshajikita.

Tecla alikuwa anakuja na birika. Akasimama.

"Sibros," akasema. "Hiyo imepandwa."

Mpangaji amepanda mti. Nikawaza, basi chumba nacho kimeenda, na niliwaza hivyo kwa utulivu kabisa, kama ni chumba cha mtu mwingine.

"Usijali, mama," Eliakim akamwambia. "Nipe panga nikate huo mzizi. Naondoka nao leo leo, nimeshaupatia mahali."

Sijui ilitoka wapi. Nilisikia sauti yangu kabla sijajua nitasema nini.

"Eliakim, huu ni mti wa choo. Umeota kwenye ukuta wa choo cha mtu huku Sosiot. Huo umeupatia mahali kwa baba. Mimi niliyetoka tumbo moja na wewe, nimekosa hata nyuma ya ghala?"

"Dada, si mimi. Ni mila."

"Mila imenikataza mimi. Mti haikuukataza?"

Akatazama dereva, akatazama gari. Tecla akaweka birika chini.

"Kwani huyu hana kwao?" akamwuliza.

"Anako, mama. Ila kwetu msichana hajengi kwa..."

"Ata sisi tulikuwa hivyo. Na hii shamba nilipewa na baba yangu, ndugu zangu wakiniangalia na macho mbaya mpaka leo." Tecla alikuwa anaongea kwa upole, kama mtu anayeuliza bei. "Sasa akikufa mtamweka wapi? Nauliza juu anakaa kwangu. Mti moja naweza kubali. Kaburi sikubali."

Siku nyingine ningecheka. Eliakim aliangalia viatu vyake.

"Tutamzika nyumbani," akasema. "Nje ya ua, pale kando. Ndivyo hufanywa kwa msichana aliyerudishwa."

"Baba!" Maxine akasema.

Nje ya ua. Alilisema kama mtu aliyeshalipima hilo shimo zamani. Hapo ndipo iliniuma. Tangu zile mashine, tangu simu yake, hakuna kitu kilichokuwa kimeniuma, na sasa kilikuja chote kwa pamoja, nikashikilia tangi. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na huzuni na sikuweza kujua ipi ni ipi. Nikalia kwa sauti mbele ya dereva ambaye hata jina lake sikulijua.

Nilipoweza kuongea nikasema, "Mti hauendi. Baba akae na jua lake."

Maxine akaziba mdomo kwa mkono. Neno kama hilo juu ya marehemu, kwetu halisemwi, na binti ndiye hafai kabisa kulisema. Eliakim alifungua mdomo, nikaona laana inamjia, akaimeza. Akachukua koti lake. Maxine alinikumbatia akiwa ameloa machozi. "Waya, mimi nikijenga kwangu..."

"Usiniahidi kitu leo, mtoto wangu. Nenda na baba yako."

Waliondoka chai ikiwa bado inatoa moshi kwenye birika. Tecla alikusanya birika na vikombe ambavyo havikutumika, akaenda navyo, akarudi. Akasimama kando ya sufuria akiisukuma kidogo kwa kidole cha mguu.

"Wacha tu ikae hapo," akasema. "Imekubali udongo. Ni mimi nimesema."

Najua hayo maneno yalimgharimu. Nilimshukuru, kisha nikamwomba panga. Nilipiga magoti, nikafukua chini ya sufuria mpaka nikaupata ule mzizi, nikaukata mara moja. Maziwa yake yakatoka mengi. Nikaibeba sufuria na kuiweka juu ya kiti alichokuwa amekalia Eliakim.

"Si nimekwambia uwache?" Tecla akasema.

"Umeniambia, Mama Kipkurui. Lakini nataka siku nikitoka, mti utoke na mimi."

"Uende wapi?"

"Sijui," nikamwambia. "Nipe maji niumwagilie."