Shahidi wa Pili wa Pedali

Mokete alijua kwamba pedali ya mafuta ya pikapu yake ilikuwa mbovu. Alijua, akampa shemeji yake ufunguo na kumwambia, "Nenda salama," na pikapu ilipoanguka akasimama mbele ya chifu akasema kosa ni la mguu wa yule mwanamke. Huo ndio ubaya aliotendewa 'Maletuka. Mengine yote ni mkia wake.

'Maletuka alikuwa dereva tangu kichwa chake hakina hata unywele mmoja mweupe. Marehemu mumewe, Letsie, alimfundisha kwa pikapu ya zamani, ile ambayo pedali yake ilivuta kebo ya chuma, na kebo ikaenda kuvuta kwenye injini. Basi, hakukuwa na siri nyingine. Ukikanyaga, uliisikia ikivutika chini ya unyayo kama kamba yenye ndoo. Siku moja ilikatika katikati ya mlima. Letsie akafunga kamba penye injini, akaipitisha dirishani, akamwambia mkewe avute, naye Letsie akashika usukani, na wakafika nyumbani wakicheka. Siku nyingine ilikwama, injini ikawa inanguruma yenyewe.

"Ingiza kidole cha mguu chini ya pedali," Letsie alimwambia. "Inyanyue."

Akainyanyua, injini ikatulia. Tangu siku hiyo mguu wake ulijua la kufanya bila kukiuliza kichwa.

Letsie alipozikwa, mdogo wake Mokete aliichukua ile pikapu. "Mali ya kaka hairandarandi," alisema, akaiuza kabla nguo za msiba hazijatimiza wiki mbili mwilini mwa mjane. 'Maletuka akabaki kumwendeshea pikapu yake nyingine, mpya zaidi, kushusha sufu kutoka milimani. Pedali ya hii haikuwa na kebo. Ilikuwa na nyaya nyembamba zinazopeleka habari kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua injini ipewe nini. Ilikuwa laini mno. Kila alipoikanyaga, 'Maletuka aliona kama anaweka mguu gizani, hajui sakafu iko wapi.

Baada ya miezi miwili taa ya njano iliwaka mbele yake na gari likagoma kukimbia, likawa linatambaa. Mokete akamwita Tlali, fundi umeme wa magari aliyefungua karakana uwanjani kwa Mokete. Siku mbili baadaye taa ilikuwa imezimwa.

"Ilikuwa inasema nini ile taa, Ntate Mokete?" 'Maletuka aliuliza kwa heshima.

"Ilikuwa inasema ina njaa. Tumeilisha." Mokete alicheka. "Wewe beba sufu, shemeji. Mambo ya nyaya waachie waliokwenda shule."

'Maletuka hakwenda shule. Akapokea ufunguo.

Jumatatu ya ajali alishuka na magunia ya sufu nyuma, na jirani yake 'Mapuleng ameketi pembeni na blanketi lake mabegani. Walikuwa wanazungumza habari za mbuzi. Kwenye kona ya tatu 'Maletuka aliinua mguu kutoka kwenye mafuta, na injini haikutulia. Ilizidi kunguruma. Akakanyaga breki, gari likapungua kidogo, kisha likamvuta tena kama ng'ombe anayekokota mchungaji.

"Punguza!" 'Mapuleng alisema.

"Nimeacha! Nimeacha mafuta!"

Ndipo mguu wake ukafanya ulichofundishwa. Ukatoka kwenye breki, ukaenda kwenye pedali ya mafuta, ukaingiza kidole chini yake ili uinyanyue. Hakukuwa na cha kunyanyua. Pedali ilikuwa juu tayari, imetulia, haina habari, huku injini ikipiga yowe. Kitu kilichobonyeza mafuta hakikuwa mguu, wala hakikuwa mahali ambapo mtu angeweza kukishika. Akakanyaga klachi, akarudi kwenye breki, nayo sasa ilikuwa ngumu, na mteremko ukalichukua gari. Akazima ufunguo, usukani ukawa mzito kama jiwe, na kwa nguvu zake zote akaligeuzia kwenye ukuta wa mlima, asiliachie bonde.

Pikapu ililala ubavu. Mkono wa kushoto wa 'Mapuleng ulibaki chini ya mlango, na hospitali wakaukata.

Kwa chifu, 'Mapuleng aliulizwa aliona nini. Hakusema uongo. "Niliona mguu wake ukiacha breki ukaenda kwenye mafuta," alisema, machozi yakimtoka.

"Ulikuwa chini ya pedali!" 'Maletuka alilia. "Chini, si juu!"

Watu walicheka. Nani aliwahi kukanyaga mafuta kutoka chini? Mokete akasema, "Pedali haina kosa, mguu ndio wenye kosa." Tlali akaulizwa, naye akasema, "Pedali haina kosa, mguu ndio wenye kosa." Maneno yale yale, kama watoto wanaofundishwa sala. 'Maletuka akakatazwa kubeba abiria, na watoto wakamwita Mguu Mzito.

Majira ya baridi Tlali alipita kwake kuomba maji. 'Maletuka hakumtukana. Alimuuliza tu, "Ile taa, uliizimaje?"

Tlali alikunywa nusu kopo. "'M'e, mama yangu, pedali ya umeme ina mashahidi wawili. Ukikanyaga, kila mmoja anaiambia kompyuta mguu uko wapi. Maneno yakipishana, kompyuta inawasha taa na kulifanya gari litambae, ili mtu asife. Mmoja alikuwa ameanza kusema uongo. Ntate Mokete hakutaka pedali mpya, alitaka taa izimwe. Bila kupima ni yupi, nikakata waya mmoja, kumbe ni wa yule mkweli, nikaunganisha kompyuta isikie maneno ya mwongo mara mbili."

"Kama kwa chifu."

Tlali akamalizia maji.

"Na sasa pikapu wameinyoosha, inatembea tena. Hiyo pedali umeibadilisha?"

"Bado." Akaweka kopo chini. "Karakana yangu iko uwanjani kwake. Ukinitaja, nitakana."

Mnyonge hana haki, lakini masikio anayo. Kila Alhamisi Mokete huwapakia akina mama wa kanisa kwenye ile pikapu, wakiwa na sare zao, wakiimba. Alhamisi iliyopita 'Maletuka alisimama mbele ya gari, mikono kwenye boneti. 'Mapuleng alikuwa ameketi mbele.

"Shuka, 'Mapuleng. Nakuomba. Pedali ni ile ile."

"Nishuke nipande gari gani, lako?"

"Mguu Mzito anaogopa hata gari ambalo mguu wake haumo!" alisema mmoja nyuma, na wote wakaangua kicheko. Mokete akapiga honi hadi 'Maletuka akapisha.

Alikaa kando ya barabara akilisikiliza likishuka. Kona ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu injini ilipanda sauti, naye akaziba mdomo kwa blanketi. Kisha sauti ikashuka, na nyimbo zikaendelea kusikika kwa mbali. Leo ni Jumatano. Tlali bado anadaiwa kuurudisha waya wa yule mkweli, na kusema mbele ya chifu alichosema mbele ya kopo la maji. Mokete anadaiwa pedali moja, na kutamka kwamba mguu wa 'Maletuka ulikuwa chini ya pedali. Na ana mpaka kesho asubuhi, akina mama wa kanisa watakapopanda tena.